Macho Ishirini na Manne

Kvalnesvågen,
Jumatatu, 10 Novemba 1997

Mdogo wangu mpendwa Eilert,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha au angalau kimepungua. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Magoti yanamsumbua ngazini lakini ulimi haumsumbui hata kidogo, na juzi amemaliza kukufumia soksi za sufu jozi mbili, utazikuta ndani ya kifurushi hiki. Kila siku anauliza kama huko Bodø unakula chakula cha moto. Nilimwambia unakula. Sijui kama ni kweli, nilisema ili anyamaze, kwa hiyo ukimwandikia tafadhali usiniumbue.

Habari za hapa si nyingi. Jirani Peder amepaka upya banda lake la mashua rangi nyekundu ileile aliyoilalamikia miaka yote, na sasa anajisifu kana kwamba ameigundua yeye. Theluji ya kwanza ilianguka Jumatano, ikayeyuka Alhamisi. Mabomba ya jikoni nimeyafunga vitambaa kama ulivyonifundisha, ila fundo langu halifanani na lako na najua ungelicheka.

Nimekupigia simu mara tatu tangu uhame, na mara zote tatu tumeongea habari za upepo. Wewe unaniuliza upepo wa huku, mimi nakuuliza wa huko, kisha tunaagana kwa heshima kama watu waliokutana kwenye feri. Ndiyo maana nimeona niandike. Kwenye barua huwezi kunikatiza kwa wema wako, na mimi siwezi kuisikia sauti yako nikaogopa.

Eilert, karatasi nimeiona. Meneja Hallstein aliniita ofisini kwake wiki iliyopita akanionyesha, akidhani nitafurahi kwamba mambo yanakwisha kwa utulivu. Inasema kwamba wewe, msimamizi wa matangi, uliwafungulia samoni wachanga maji chumvi kwa kasi iliyozidi kanuni, kwamba samaki elfu thelathini na nane walipata mtoto wa jicho kwa uzembe wako, na kwamba unarudisha cheti chako cha usimamizi na hutakiomba tena maishani. Hallstein anasema ulikubali kwa simu bila kuuliza hata swali moja, na kwamba utatia sahihi Ijumaa hii, tarehe 14. Nakuomba kitu kimoja tu: usiiguse kalamu kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Unanijua mimi, jambo la maana huwa naliweka chini kabisa ya kikapu.

Nitaanza na lile la dukani, kwa sababu ndilo lililonivunja. Pale kwa ushirika wamekubatiza jina. Unaitwa Eilert wa Chumvi. Siku moja mke wa Peder aliomba pakiti ya chumvi, na Ingvald wa kaunta akamuuliza anataka ya kawaida au anataka ile ya Eilert, maana ile ya Eilert inafumba macho hata ya aliye hai. Waliokuwa kwenye benchi la kahawa walicheka hadi mmoja akajimwagia kikombe. Mke wa Peder, Mungu ambariki, alimwambia Ingvald apime chumvi na aache kupima watu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mkate mkononi. Nilicheka, Eilert. Nilicheka pamoja nao. Nakuandikia hili kwa sababu nimeapa kukuandikia yote.

Nilipofika nyumbani sikuweza kula. Nilikaa na chewa wa Jumamosi mbele yangu, na kichwa chake kikanikumbusha Jumamosi za baba. Sijui kama unakumbuka vizuri, ulikuwa na miaka sita hivi. Kabla mama hajatumbukiza vichwa kwenye sufuria, baba alikuwa akitoa jicho moja, analipasua kwa kisu kidogo, anaibonyeza ile gololi ya ndani kwa kidole gumba mpaka inachomoka, kisha anaiweka kwenye kisahani cha kioo chenye maji, juu ya gazeti. Daima alichagua ukurasa wa matangazo ya vifo, eti huko ndiko maandishi yalikuwa madogo zaidi. Tulikuwa tunagombania kutazama. Herufi zilivimba chini ya ile gololi, nyeusi tiiii, kingo zake zimekatwa kama kwa wembe. Halafu analeta kioo chake cha kusomea, kile cha Kijerumani alichojivunia, anatuonyesha namna kinavyotapika rangi za upinde wa mvua pembeni mwa kila herufi. Tazameni, alikuwa akisema, fundi wa Ujerumani kashindwa na chewa aliyekufa jana. Wewe ukauliza kama chewa anajua kusoma. Baba akajibu kwamba anajua sana, ila habari za binadamu zinamchosha.

Na unakumbuka ulivyolia? Kichwa kilipoiva, gololi ya jicho la pili ilitoka nyeupe na ngumu kama chaki, ukaishika mkononi ukalia kwamba amepofuka. Baba alikupakata akakwambia hajapofuka, ameiva tu.

Nadhani Jumamosi zile ndizo zilizonifanya mimi kuwa msomaji wa macho na wewe kuwa mlezi wa samaki. Mimi nilibaki na ile gololi, wewe ukabaki na huruma. Miaka kumi na tisa nimekaa ndani ya kile kibanda cheusi, shuka juu ya kichwa, samaki aliyelazwa kwa dawa ya usingizi kwenye kiganja cha kushoto, na taa ya mwanga mwembamba mkono wa kulia, naupitisha ule uzi wa mwanga ndani ya jicho kama mtu anayetafuta ufa kwenye yai. Sifuri ni jicho safi. Nne ni jicho lililoziba lote. Mimi nataja, Borghild anaandika. Na bado kila jicho safi linanishangaza. Sisi tuna ngozi ya mbele ya jicho inayofanya nusu ya kazi, lakini ndani ya maji ngozi ile haifai kitu, kwa hiyo samaki ameachiwa gololi yake peke yake. Nayo ameijenga kama kitunguu, ganda juu ya ganda, laini nje na gumu zaidi kadiri unavyoingia ndani, ili mwanga upinde kidogo kidogo badala ya kukatika ghafla. Ipo duara ndani yake inayoleta rangi nyekundu mahali pake, na nyingine ya kijani, na nyingine ya buluu, na zote zinatua palepale, safi, bila kutapika pembeni. Akitaka kutazama mbali haiminyi kama tunavyominya zetu. Kuna msuli mdogo unaoivuta nzima nzima kurudi nyuma. Sijapata kuona kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu zaidi ya hicho, na najumlisha mikate ya mama.

Lakini kitu kilichopangwa vizuri namna hiyo huharibika kwa jambo dogo, na hapo ndipo habari yetu inapoanzia. Samoni anapotoka maji matamu kuingia ya chumvi, siku za mwanzo mwili wake unanyonywa maji. Maganda ya nje ya ile gololi nayo yananyonywa, mpangilio unavurugika, mwanga hauna njia, na jicho linakuwa jeupe kama lina maziwa. Ukilitazama siku hiyo utaapa kwamba ni mtoto wa jicho na hakuna cha kufanya. Ukisubiri samaki azoee chumvi, gololi inayarudisha maji yake, na jicho linafunguka. Nilijua hilo kabla hujaajiriwa. Kanuni iliyobandikwa mlangoni mwa kibanda, kwamba macho hayasomwi kabla ya siku kumi tangu samaki aonje chumvi, niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Sasa nikueleze yaliyotokea wiki ile, kwa sababu wewe uliyaona kutoka upande wa matangi tu.

Uliwaingiza samaki wa tangi la tatu kwenye chumvi Ijumaa, tarehe 19 Septemba. Jumatatu asubuhi Hallstein alikuja kibandani amevaa ule uso wake wa haraka. Meli ya matangi, ile ya kuwapeleka kwenye vizimba vya baharini, ilikuwa inakuja Alhamisi badala ya wiki ya pili yake, na bila karatasi yangu ya macho haiwezi kupakia. Nilimwonyesha kanuni mlangoni. Akasema kanuni ni za watu wanaohitaji kanuni. Akasema, Gunnvor, wengine wanahitaji siku kumi, wewe una miaka kumi na tisa. Najua sasa kwamba mtu akinisifu huwa navimba kichwa mpaka mlango unakuwa mdogo, lakini asubuhi ile sikujua. Nilimwambia alete samaki sitini.

Walikuwa weupe wote. Nilitaja nne na nne, nne na tatu, nne na nne. Ilipofika samaki wa ishirini hivi Borghild aliacha kuandika. Akaniuliza kutoka nje ya shuka, kwa sauti ya mtu anayeulizia muda wa basi, hivi siku kumi zimeshafika? Nikamjibu kwamba mmoja wetu anasoma na mwingine anaandika, na tukichanganya kazi hatutamaliza. Hakuuliza tena. Samaki sitini, na hakuna hata jicho moja lililokuwa chini ya tatu.

Utauliza kwa nini nilikuwa mkali vile. Sababu unaijua, ingawa hatujawahi kuizungumza. Miaka mitatu iliyopita niliwapitisha samaki wa tangi la kwanza kwa sifuri na moja, na baada ya miezi miwili baharini robo yao wakawa wanajigonga kwenye nyavu hawaoni chakula. Ilitokana na chakula chenyewe, kila mtu alikuja kukubali hivyo, haikuwa kosa langu. Lakini kwenye chumba cha kahawa walinichekea majira yote ya baridi. Walikuwa wakinisogezea kikombe na kusema, kipo kushoto kwako, Gunnvor, kushoto. Walidhani ni mzaha mwepesi. Mimi niliweka nadhiri kwamba sitapitisha tena jicho lenye hata kivuli. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kwa hofu, nikiiita uangalifu.

Basi mchana ule Hallstein aliitisha mkutano. Nakuona bado, umekaa karibu na dirisha, kofia magotini. Alipouliza maji chumvi yalifunguliwaje, ulisema kwamba uligeuza vali mzunguko mmoja asubuhi na mwingine mchana, kama kawaida, ila hukuwa na hakika kama ule wa mchana haukuwa mmoja na nusu, kwa sababu Peder alikupigia honi kutoka barabarani ukamgeukia. Mwingine yeyote angenyamazia ile nusu. Wewe uliitoa mwenyewe ukaiweka mezani. Halafu ukasema maneno ambayo nayasikia hadi sasa nikiosha vyombo: kama Gunnvor ameona nyeupe, basi ni nyeupe, na kama ni nyeupe basi nimekosea mimi.

Tulipotoka ulinifuata hadi kwenye korido. Uliniuliza taratibu, dada, una hakika? Nami nikakujibu kwamba macho yangu hayajawahi kunidanganya. Ukatikisa kichwa kukubali. Hukuwa na hasira. Afadhali ungekuwa nayo.

Uamuzi ukatoka kwamba samaki vipofu hawapelekwi baharini kufa kwa njaa, watauawa Alhamisi, na meli irudi tupu. Daktari wa mifugo alisoma karatasi yangu kwenye faksi akakubali. Hakuja kutazama. Kwa nini aje? Ilikuwa na jina langu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Unajua desturi yangu ya mashahidi. Kila ninaposoma tangi, samaki kumi na wawili siwarudishi. Nawaweka kwenye pipa la bluu nyuma ya maabara, kwenye maji yaleyale, na nawasoma tena baada ya siku mbili kuhakikisha mkono wangu haukutetemeka. Mara zote wanasema kile nilichosema. Imekuwa kama sala ya jioni, mtu anaisema bila kusikiliza. Jumatano ile, tarehe 24, Borghild alikuwa kwa daktari wa meno, kwa hiyo nilijifunika shuka peke yangu, daftari likiwa gotini.

Samaki wa kwanza alikuwa safi.

Nilidhani nimekosea samaki. Nikachukua wa pili. Nikafuta taa. Nikatoka nje ya shuka, nikapangusa macho yangu mwenyewe, nikarudi. Wa tatu, wa nne, wa saba. Uzi wa mwanga ulipita ndani ya zile gololi moja kwa moja, ukatua nyuma, na jicho likanitazama kama dirisha lililooshwa. Wote kumi na wawili. Macho ishirini na manne, mawili tu ndiyo yalipata alama ya moja, na hata hiyo moja niliitoa kwa kusitasita. Walikuwa wameizoea chumvi. Hata kama uligeuza mzunguko mmoja na nusu, Eilert, samaki walikuwa wameshaisamehe ile nusu kabla sisi hatujamaliza kuijadili.

Niliandika namba. Niliandika tarehe na saa: saa nane na dakika ishirini mchana. Samaki wako wote elfu thelathini na nane walikuwa hai kwenye tangi la tatu, wanaona.

Nilisimama nikaenda ofisini kwa Hallstein. Nataka ujue kwamba nilifika mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kidogo na yeye alikuwa kwenye simu na ofisi kuu, na nikamsikia akisema, ni hasara, ndiyo, lakini fikirini kama tungewapakia. Kwa bahati nzuri tuna Gunnvor. Nilisimama pale na daftari kifuani. Nilijiona nikiingia na kusema kwamba Gunnvor hakufuata kanuni yake mwenyewe. Nilikiona kikombe kikisogezwa kushoto kwangu kwa majira mengine kumi ya baridi. Kisha nikajipa sababu nzuri: nikajiambia kwamba nikisema sasa, watadhani namwokoa ndugu yangu, na hakuna atakayeniamini. Huo ulikuwa uongo, na nilijua ni uongo wakati bado nimeushika. Nikageuka. Nikarudi kibandani, nikalikunja shuka vizuri, nikaenda nyumbani nikamsaidia mama kumenya viazi.

Usiku nilijiambia nitasema asubuhi. Asubuhi nilipofika ulikuwa umeshaanza.

Uliwaambia wengine waende. Borghild alinisimulia maneno yako: niliwapokea tangu mayai, sitamwachia mtu mwingine. Ulianza saa moja na ukamaliza saa tisa, wavu baada ya wavu, peke yako, hukunywa hata kahawa. Nilikuona kupitia dirishani. Ulikuwa ukiinua wavu na kuwasemesha. Sijui uliwaambia nini. Nilikuwa na daftari mfukoni mwa koti, na kutoka dirishani hadi kwako zilikuwa hatua ishirini labda. Ningesema saa mbili, ungebaki na samaki elfu thelathini na zaidi. Ningesema saa tano, ungebaki na nusu. Nilisimama nikihesabu hivyo, saa baada ya saa, mpaka hapakuwa na cha kusema.

Kwa hiyo hukuwapofusha. Hakuna samaki aliyepofuka. Uliwaua samaki wazima wenye macho mazuri kuliko yangu, kwa sababu ulimwamini dada yako, na dada yako alijua tangu jana yake.

Nimeiandika.

Nilimwambia mama jana baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anafuma skafu. Hakuinua macho. Aliuliza, na aliwaua mwenyewe? Nikasema ndiyo. Akauliza, na wewe ulikuwa unajua? Nikasema ndiyo. Alifuma mstari ule hadi mwisho wake, akaweka sindano chini, akaniambia soksi zako zitumwe kesho bila kukawia. Niliposema nitakuandikia na salamu zake, alikataa. Alisema salamu zake ataziandika mwenyewe. Kijikaratasi chake kimo ndani ya soksi za kijivu. Mimi sijakisoma.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Hallstein kabla sijaianza barua hii. Nilijua nikikuandikia kwanza, nitaipamba, nitaisoma mara nne, na itaishia kwenye droo. Nilimwekea mezani daftari na karatasi nyingine iliyosainiwa na mimi na Borghild, nikamsimulia nimesimama. Alivua miwani. Aliuliza kwa nini sasa. Nikamjibu kwa sababu Ijumaa inakuja. Akasema ile karatasi yako haina tena miguu ya kusimamia, lakini akaniambia wazi kwamba ofisi kuu wanaweza kutaka utie sahihi hivyohivyo, kimyakimya, ili faili lifungwe. Usitie. Wakikupigia, wakikubembeleza, wakikwambia ni utaratibu tu, usitie. Mwambie yeyote atakayekuja na kalamu kwamba una barua. Kuhusu kazi yangu hakusema neno na mimi sikuuliza. Niliacha funguo za kibanda juu ya daftari.

Mashahidi wapo hai, Eilert. Kwa kawaida baada ya kuwasoma mara ya pili nawaua, lakini hawa sikuweza. Wiki saba nimewalisha kwenye lile pipa la bluu nyuma ya maabara, na kitabuni wameandikwa sampuli, hakuna aliyeniuliza. Nimewafundisha mchezo. Nina vikombe viwili vya plastiki, chekundu na cha kijani, ukubwa mmoja. Chakula kinatoka kwenye chekundu tu. Nikiingiza vyote viwili kwa pamoja pembeni mwa pipa, vyote vitupu, wanakuja kumi na wawili wote kwenye chekundu, hakuna hata mmoja anayehangaika na cha kijani. Punje nikiidondosha, ndogo kama kichwa cha pini, wanaidaka kabla haijashuka shubiri moja. Hallstein alisimama nyuma yangu leo akitazama mchezo ule, na akaniomba niurudie. Niliurudia mara tatu. Mara ya tatu alitoka nje bila kuaga.

Wamekua. Yule mwenye doa kwenye kifuniko cha shavu, uliyekuwa ukimwita Waziri kwa sababu ya kupenda kutangulia, ni mmoja wao. Bado anatangulia.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi, maana karatasi haina uso wa kukataa. Nitakuja Bodø kwa meli ya Alhamisi. Usipotaka kunifungulia nitaelewa, nitaacha mkoba wa samaki waliokaushwa mlangoni na kurudi. Lakini ukitaka kuja nyumbani badala yake, njoo. Matangi hayana mtu anayeyajua. Kijana aliyeletwa kutoka kusini anageuza vali huku anaangalia saa, na anawaogopa samaki.

Peder anakusalimu, na anasema honi ile hatajisamehe. Nimemwambia ajisamehe, lawama atuachie sisi wenyewe. Mke wake anakusalimu pia. Borghild anakusalimu sana, ni yeye aliyeandika karatasi niliyoambatisha hapa, nakala ya ile niliyompa Hallstein. Tuliisoma pamoja leo saa nne, mimi chini ya shuka kwa mara ya mwisho, yeye nje na kalamu yake. Safari hii aliuliza maswali kwa kila samaki, na nilimjibu yote. Itazame vizuri kabla ya Ijumaa: samaki kumi na wawili, macho ishirini na manne, na kila mstari, kulia na kushoto, ni sifuri.

Ni mimi dada yako,

Gunnvor